Mtaalamu Haoshi Vyombo

Kijana mwenyewe walimwita Profesa, na tafadhali usidhani ilikuwa heshima. Jina lilianza siku aliyoitengeneza pasi ya bibi yake, ikazima taa za nyumba nne. Pasi ilitupwa, jina likabaki.

Alikuwa amemaliza shule miezi mitano nyuma. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake, analala sebuleni, anaamka wa mwisho, na akiulizwa siku hizi anafanya nini anajibu, "Naangalia mambo." Jambo pekee aliloliangalia kwa makini ni dari. Matokeo yalishatoka, na kemia yake ilikuwa ile alama ambayo mtu anaitaja huku akikohoa. Kwenye mtihani wa vitendo aliambiwa adondoshe dawa tone kwa tone mpaka maji yaanze kuwa pinki kwa mbali. Yeye akafungua koki kama anayejaza ndoo, chupa ikawa nyekundu kama mdomo wa bibi harusi. Akachungulia jibu la jirani yake, akalinakili lote. Jirani alikuwa amepewa swali jingine.

Habari hiyo nyumbani hakuna aliyeijua. Nyumbani walijua tu kwamba amesoma kemia.

Shangazi alikuwa mfuaji. Alifua nguo za watu, mashuka ya nyumba ya wageni, mapazia, makoti ya watu wa ofisini, miaka kumi na sita, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kulalamika kabla yeye mwenyewe hajalalamika. Ndiyo maana alianza kutengeneza siki. Kwenye kibaraza cha nyuma alikuwa na mapipa mawili ya plastiki yaliyofunikwa kitambaa cheupe, ndani maganda ya nanasi, sukari na maji, yanachacha polepole. Majirani walikuwa wakichukua chupa mojamoja. Lakini chupa mojamoja haiwezi kumtoa mtu kwenye beseni la kufulia. Alihitaji mteja mmoja mkubwa wa kila mwezi, basi, apumzishe mgongo.

Mteja huyo akaja Jumatatu. Mama Karoti, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha, anayefungasha karoti na vitunguu vya siki kwenye chupa na kuvipeleka madukani. Akachovya kidole kwenye siki, akalamba, akafumba jicho moja.

"Kali, sikatai," akasema. "Lakini huu ulimi ulishanidanganya. Mzigo uliopita nilichukua siki kwa mtu mwingine, kumbe dhaifu. Vifuniko vikavimba, dukani wakanirudishia chupa sitini zina povu. Safari hii sitaki maneno matamu, dada. Asidi ifike asilimia tano. Chini ya tano, hata ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, sichukui."

"Sasa hiyo asilimia inapimwa wapi?" akauliza shangazi.

Hapo ndipo Profesa angeendelea kutafuna mkate wake na dunia ikaendelea vizuri. Lakini alikuwa na miezi mitano hajaulizwa kitu chochote anachokijua.

"Si titresheni tu hiyo, kudondosha dawa mpaka rangi igeuke," akasema kutoka mlangoni. "Kitu cha darasani. Naipima hapa hapa."

Mama Karoti akamtazama kuanzia ndala mpaka nywele. "Wewe?"

"Amesoma kemia huyu," shangazi akasema, na ile fahari iliyokuwa kwenye sauti yake ndiyo iliyomnyima Profesa nafasi ya kurudi nyuma.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake pembeni ya jiko, anachambua maharage. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu alipozaliwa, "hiyo siki haina waya, eti? Maana nataka taa zibaki."

Jumanne asubuhi Profesa akaenda shuleni kwake kumwona mwalimu wake wa kemia. Mwalimu alimwangalia kwa huruma, akampa vitu kwenye boksi la viatu. Bureti, yaani ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari na koki chini, huu ukiwa umemeguka ncha. Pipeti ya kunyonyea mililita kumi. Chupa moja tu ya koni, ile yenye tumbo pana na shingo nyembamba. Maji ya kostiki, dawa ya kuua asidi, yaliyokwisha kupimwa nguvu yake, na kichupa cha matone ya rangi.

"Siki yako ichanganye na maji, moja kwa tisa," mwalimu akasema. "Chukua mililita kumi za mchanganyiko, weka kwenye koni, tia matone mawili ya rangi, dondosha kostiki. Ikianza tu kuwa pinki, simama. Simama, unanisikia? Soma umetumia mililita ngapi, zidisha kwa nukta sita. Ndiyo asilimia yako."

"Nakumbuka, mwalimu."

"Mimi pia nakumbuka," mwalimu akasema.

Nyumbani Profesa akageuza jikoni kuwa maabara. Stuli akaipindua juu ya meza, bureti akaifunga kwenye mguu wa stuli kwa mpira wa ndani ya baiskeli. Chini akatandika karatasi ya kalenda iliyogeuzwa upande mweupe ili rangi ionekane. Akavaa koti jeupe la mteja mmoja wa shangazi, daktari wa meno, lililokuwa linangoja pasi. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akaona ni yeye kabisa.

"Shangazi," akaita, "vyombo hivi vinatakiwa viwe safi. Niletee vimeoshwa."

"Wewe mikono imefanya nini?" Bibi akauliza.

"Bibi, kila kazi na mtu wake. Mtaalamu haoshi vyombo."

Kauli hiyo ataikumbuka mpaka atoke mvi. Lakini shangazi hakuona ubaya. Kuosha alikuwa akiosha maisha yake yote. Akaichukua ile koni, akaipiga sabuni, akaisuuza mara mbili, akaikung'uta mara moja, pa, akamkabidhi inang'aa.

Profesa akaanza. Safari hii hakufungua koki kama bomba. Alishika pumzi, akadondosha tone, akatikisa, tone, akatikisa. Pinki ikaja ikapotea, ikaja ikapotea, kisha ikabaki, nyepesi kama kucha ya mtoto. Akasimama. Alisimama kweli. Miaka miwili ya kemia na hiyo ndiyo mara ya kwanza.

"Tisa nukta nane," akasoma. Akazidisha. "Tano nukta tisa. Shangazi, tano nukta tisa!"

Akampa shangazi koni aoshe, akarudia. Tisa nukta nane. Akaosha tena shangazi, akarudia. Tisa nukta saba. Majibu yamekaa pamoja kama ndugu kwenye picha. Hata mwanafunzi wa kwanza darasani hakuwahi kupata namba zilizopendana hivyo, na Profesa akatembea na koti la daktari wa meno mpaka dukani kununua soda ambayo hakuwa na kiu nayo.

Mama Karoti akaja jioni ile ile, akachukua madumu manne. "Kesho kutwa asubuhi najaza chupa," akasema. Halafu kwa kuwa ni mtu aliyekwisha kuumwa, akaacha juu ya meza chupa moja ya siki ya kiwandani. "Hii imeandikwa asilimia tano. Ipime na hii, tuone mashine yako inasemaje."

Shangazi hakusubiri. Kufikia usiku mtaa mzima ulikuwa na habari ya tano nukta tisa. Fundi viatu alikuwa nayo, muuza mkaa alikuwa nayo. Shangazi alirudisha hata mzigo mmoja wa mapazia bila kuufua, akamwambia mwenyewe kwa upole kwamba siku hizi ana shughuli nyingine.

Jumatano Profesa akaipima ile siki ya kiwandani. Shangazi akaosha koni kama kawaida, Profesa akadondosha kama kawaida. Kumi na moja nukta moja. Akazidisha: sita nukta saba.

Akaitazama lebo. Asilimia tano. Akautazama mrija. Sita nukta saba. Mtu mwenye akili zake angejiuliza swali moja dogo. Profesa akasema, "Kiwanda kimekosea."

"Kiwanda kizima," Bibi akasema.

"Inatokea, Bibi. Pengine mashine zao zimechakaa."

"Zao ndizo zimechakaa. Za kwako zimefungwa na mpira wa baiskeli." Bibi akapuliza makapi ya maharage. "Mimi naona hicho kidude chako kinapenda kusifu. Kila kinachotiwa humo kinaambiwa kikali. Hebu kitie maji ya kunywa, mume wangu, tuone kama nayo yatakuwa siki."

Profesa akacheka kile kicheko cha watu waliosoma. Akaona hapa ndipo pa kumfundisha bibi yake. Akanyonya mililita kumi za maji ya kunywa, akaziweka kwenye koni shangazi alipokwisha kuiosha, akatia rangi. "Angalia, Bibi. Maji hayana asidi. Tone moja tu la kostiki, utaona pinki."

Tone moja. Maji yakabaki meupe.

"Matone mawili," akasema.

Matone kumi. Meupe. Bibi akasogeza kigoda. Profesa akadondosha, akatikisa, akadondosha, jasho likamtoka chini ya koti la watu, na pinki haikuja mpaka mrija ulipofika mililita mbili nukta nane.

"Kumbe tumekuwa tukinywa siki miaka yote hii," Bibi akasema. "Ndiyo maana meno yangu yamekwisha."

Profesa akageuza kichwa. Alikuwa anatazama sinki. Shangazi, bila kuambiwa, alikuwa ameshaichukua ile koni. Akaipiga sabuni. Akaisuuza maji mara moja. Akainua kichupa kilichokuwa nyuma ya bomba, akamimina kidogo ndani ya koni, akazungusha, akamwaga, akaikung'uta mara moja, pa.

"Shangazi. Hicho ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho ulichosuuzia."

"Siki," shangazi akasema, kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Ile ile ya kwangu. Sabuni haitoki kwa maji matupu, mwanangu. Shuka usipolisuuza kwa siki linabaki na utelezi, na glasi vile vile. Mimi hakuna kitu kinachotoka mkononi mwangu bila kusuuzwa kwa siki. Umekaa nyumba hii miezi mitano hujaona?"

Hakuwa ameona. Angeonaje, na sinki hajalisogelea.

Akakaa kwenye kiti. Kila mara, kabla hajatia hata tone la kitu alichotaka kupima, chupa ilikuwa na siki yake ndani, imeng'ang'ania kwenye kuta za kioo. Kidogo tu, lakini si iliyochanganywa na maji, ni siki kamili. Na kwa kuwa shangazi alikung'uta mara moja kila mara, kwa mkono ule ule wa miaka kumi na sita, ilibaki kiasi kile kile. Namba hazikupendana kwa sababu Profesa ni fundi. Fundi alikuwa shangazi.

Akachukua penseli. Siki ya kiwandani, kumi na moja nukta moja, toa mbili nukta nane: nane nukta tatu. Zidisha. Asilimia tano, kavu, kama lebo ilivyosema. Samahani, kiwanda. Halafu siki ya shangazi, tisa nukta nane, toa mbili nukta nane: saba. Saba mara nukta sita.

Nne nukta mbili.

Akaenda kukaa kibarazani karibu na mapipa. Akawaza kwa urefu, na mawazo yenyewe hayakuwa ya kujivunia. Wazo la kwanza: anyamaze. Nne nukta mbili na tano, nani ataona? Vifuniko vitaona, hilo ndilo jibu. Vitavimba dukani na shangazi atarudi kwenye beseni, safari hii na jina baya juu. Wazo la pili lilikuwa tamu zaidi: aseme ukweli, lakini ukweli wenye jina la shangazi. Mimi nilipima sawa, yeye akasuuza kwa siki. Hakuna uongo hata mmoja humo. Alilizungusha mdomoni wazo hilo, likawa linateleza kama shuka lisilosuuzwa.

Akaingia ndani, akavua koti la daktari wa meno, akalitundika.

"Shangazi, siki yako haijafika tano. Ni nne nukta mbili. Nilipima vibaya."

Shangazi akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Aliangalia ile koni, akaangalia kichupa nyuma ya bomba. Hakuwa mjinga.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Wewe umeosha, shangazi. Kuosha ilikuwa kazi yangu."

"Nimeambia mtaa mzima tano nukta tisa."

"Najua."

"Hata fundi viatu anajua."

"Najua, shangazi. Jana aliniita daktari."

"Niliitoa mapema," shangazi akasema. "Ilikuwa bado wiki tatu hivi. Nilisikia kwenye harufu. Nikaona mteja atakimbia." Akachukua mtandio wake. "Twende kabla hajamimina."

Nyumba ya Mama Karoti ilikuwa mitaa mitatu mbele. Walimkuta uani, karoti zimekatwa vijiti kwenye mabeseni, sufuria linachemka, na chupa kumi na mbili zimeshajazwa na kufungwa. Ile kesho kutwa asubuhi yake ilikuwa imeanza mapema.

"Profesa!" akasema kwa uchangamfu. "Ile ya kiwandani imesomaje?"

"Tano," Profesa akasema. "Na ya shangazi ni nne nukta mbili. Nilikosea kupima, mama. Usiimimine."

Kisu cha Mama Karoti kikasimama katikati ya karoti. "Jana ilikuwa tano nukta tisa."

"Ndiyo."

"Umekosea wapi?"

Shangazi akafungua mdomo. Profesa akamwahi. "Chombo changu hakikuwa safi. Kilikuwa na siki kabla sijaanza. Sikukiosha mwenyewe, wala sikuangalia kimeoshwaje."

"Kwa nini hukukiosha mwenyewe?"

Profesa angetoa chochote duniani asijibu swali hilo. "Nilisema mtaalamu haoshi vyombo," akasema.

Mama Karoti akamgeukia shangazi. "Alisema hivyo?"

"Akiwa amevaa koti la daktari wa meno," shangazi akasema.

Mama Karoti hakucheka, lakini shavu lake moja lilicheza. Akaanza kufungua zile chupa kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kwa hasira ya vitendo. "Hizi nitaziweka kwenye friji, tutazila wenyewe wiki hii. Zilizobaki natumia siki ya kiwandani. Dada, madumu yako yale matatu hayajaguswa, rudi nayo." Akachukua tena kisu. "Hujanificha. Yule wa kwanza alinificha. Ikiiva, niite. Lakini naona kwa macho yangu."

Madumu yalirudi, siki ikarudishwa pipani na kitambaa juu. Shangazi akamfuata yule mtu wa mapazia, akamwambia kwa upole uleule kwamba ile shughuli nyingine imeahirishwa kidogo. Fundi viatu aliuliza habari za asilimia siku tatu mfululizo.

Kila Jumamosi Profesa akapima. Nne nukta nne. Nne nukta saba. Jumamosi ya tatu Mama Karoti akaja mwenyewe, akakalia kreti la soda, mikono juu ya magoti.

Profesa alikuwa kwenye sinki, mikono ya shati imekunjwa. Aliosha koni kwa sabuni, akaisuuza kwa maji mara moja, mbili, akahesabu mpaka sita. Kile kichupa cha nyuma ya bomba alikuwa amekihamishia chumbani kwa shangazi, na hata hivyo alikitafuta kwa macho.

"Anza na maji," Mama Karoti akaamrisha.

Akaanza na maji. Tone moja. Pinki.

"Leo maji ni maji," Bibi akasema kutoka kwenye kigoda. "Endelea, mume wangu."

Akatia siki. Shangazi alisimama mlangoni na shuka la watu mkononi, hakulikunja wala hakuliweka chini. Tone, tikisa. Tone, tikisa. Nane nukta tano. Profesa akazidisha kwenye karatasi, akazidisha tena, akampa Mama Karoti karatasi azidishe yeye.

"Tano nukta moja," Mama Karoti akasema.

"Bado, mama. Narudia."

"Nani kakuambia urudie?"

"Mimi mwenyewe." Akarudi kwenye sinki, akaosha, mara sita. Nane nukta nne. Tano na kitu kidogo. Akarudia tena, nane nukta tano.

Mama Karoti akainuka, kreti likapumua. "Nachukua madumu mawili. Mwezi ujao, vifuniko vikinyamaza vizuri dukani, manne." Shangazi akalikunja lile shuka, mara nne, taratibu, pembe kwa pembe.

Profesa alikuwa ameshaanza kutafuta kwa macho lile koti jeupe, lililokuwa limerudi tena kufuliwa, aliguse tu, wakati Mama Karoti alipogeuka akiwa mlangoni.

"Na wewe mtaalamu. Nina chupa arobaini tupu nje kwenye mkokoteni, zinatoka dukani, zinanata. Nasikia siku hizi unaosha."

Bibi akamsogezea sabuni kwa mguu.